Stalingrad: Vita Iliyoamuliwa Nje ya Mji

Vita mpya ikizuka popote duniani, mji mmoja ukazingirwa, haziishi wiki mbili utamsikia mchambuzi akisema: "Hii ndiyo Stalingrad yao." Wasikilizaji wanaitikia kwa kichwa. Lakini mvute mmoja wao kando umuulize Stalingrad ilikuwa nini hasa, na utapewa moja ya majibu matatu. Theluji iliwamaliza Wajerumani. Kulikuwa na mdunguaji hodari ajabu. Hitler alilichukia jina la Stalin, ambalo mji ulipewa, mpaka akapoteza akili.

Kila jibu lina chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu mwenye chembe hujiona ameshiba. Hebu tuifungue habari hii ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia taratibu, tukianza na maneno yenyewe.

Neno "kampeni" masikioni mwa wengi lina harufu ya uchaguzi: majukwaa, vipaza sauti, ahadi. Kwa wanajeshi, kampeni ni mfululizo wa mapigano na safari za majeshi, wa miezi kadhaa, kwenye eneo kubwa, wenye shabaha moja. Ukitaka mfano, vita ni ligi nzima, kampeni ni mzunguko mmoja wa ligi hiyo, na pigano ni mechi moja. Stalingrad inatuchanganya kwa sababu jina moja limebebeshwa vitu viwili. Kuna pigano la mitaani, nyumba kwa nyumba, ndani ya mji wa Kisovieti ulio kando ya Mto Volga. Na kuna kampeni iliyotapakaa mamia ya kilomita za nyika kuuzunguka mji huo, kutoka Juni 1942 hadi Februari 1943. Linalokumbukwa ni lile la kwanza. Mkondo wa vita uligeuzwa na hili la pili.

Na "kugeuza mkondo" nako kunaeleweka vibaya. Wengi hudhani ni siku ambayo vita ilikwisha isipokuwa kutangazwa tu. Baada ya Stalingrad, Wajerumani walipigana miaka miwili na miezi mitatu zaidi na kuua mamilioni ya watu. Kilichobadilika ni nani anachagua. Kabla ya hapo, Ujerumani ndiyo iliyokuwa ikiamua ipige wapi na lini, na wengine wakikimbilia kuziba. Baada ya hapo, kazi ya kukimbilia kuziba ikawa ya Ujerumani.

Walifuata mafuta

Ujerumani iliuvamia Umoja wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941, ikitarajia kumaliza kazi kabla ya majira ya baridi. Desemba ikaikuta nje ya Moscow, imechoka na kurudishwa nyuma. Kufikia masika ya 1942 haikuwa tena na nguvu ya kushambulia kwenye mstari wote wa mbele kama mwaka uliotangulia. Ilibidi ichague sehemu moja, ikachagua kusini.

Sababu ilikuwa mafuta. Ujerumani haikuwa na visima vya kutosha vyake yenyewe. Ilitegemea visima vya Romania na petroli iliyotengenezwa viwandani kwa makaa ya mawe. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na Baku, ng'ambo ya milima ya Caucasus, iliyotoa sehemu kubwa ya mafuta yake. Kwa hiyo operesheni iliyoanza tarehe 28 Juni 1942 ilielekezwa kwenye miji ya mafuta ya Maikop, Grozny na Baku.

Stalingrad je? Katika mpango wa awali mji huo ulikuwa jambo la pembeni. Amri ya Hitler ya Aprili 1942 ilisema jitihada zifanywe kuufikia, au angalau kuuweka ndani ya masafa ya mizinga mizito, usifae tena kama mji wa viwanda na njia ya usafiri. Haikusema lazima utekwe. Mafuta ya Caucasus yalipanda kaskazini kwa kupitia Mto Volga. Ukiukaba mto hapo, umelikaba koo.

Kisha mambo yakawaendea Wajerumani vizuri mno, na mafanikio yakawaponza. Tarehe 23 Julai Hitler aliamua kwamba kazi mbili zilizopangwa kufuatana sasa zifanyike kwa pamoja: kundi moja la majeshi literemke Caucasus, jingine liende Stalingrad. Mshika mbili moja humponyoka, na safari hii zilimponyoka zote mbili. Maikop ilitekwa tarehe 9 Agosti, lakini Wasovieti walikuwa wamekwisha kuharibu visima vyake. Grozny na Baku hawakuzifikia kamwe.

Lile jina, basi, halikuwa chanzo cha safari. Lilikuja kuwa mzigo baadaye, propaganda za pande zote mbili zilipolikuza mpaka kurudi nyuma kukawa aibu. Tarehe 8 Novemba 1942, mjini Munich, Hitler mwenyewe aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hakwenda huko kwa sababu ya jina la mji, na kwamba mji ulikuwa umekwisha kuwa mikononi mwake isipokuwa vipande vichache vidogo. Siku kumi na moja baadaye mtego ulifyatuka.

Ndani ya mji

Tarehe 23 Agosti vifaru vya Ujerumani vilifika ukingo wa Volga kaskazini mwa mji, na ndege zikaushambulia mji wenyewe kwa mabomu mpaka ukageuka moto na vifusi. Miongoni mwa watu wa kwanza kupambana na vifaru hivyo walikuwa wasichana waliokuwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Walishusha midomo ya mizinga wakaelekeza ardhini, wakapiga mpaka mizinga yao ikateketezwa.

Ukitaka kuelewa pigano la mjini, tazama kwanza umbo la mji. Ulikuwa mwembamba na mrefu, umelala makumi ya kilomita kwenye ukingo wa magharibi wa mto, lakini upana wake ulikuwa kilomita chache tu. Askari wa Jeshi la 62 la Sovieti walikuwa na adui usoni na mto mgongoni. Chakula, risasi na askari wapya vilivuka kwa mashua na feri, zaidi usiku, chini ya mabomu. Mizinga mingi mikubwa ya Wasovieti haikuwa mjini hata kidogo. Ilipangwa ng'ambo ya mashariki, ikirusha makombora juu ya maji na juu ya vichwa vya askari wao.

Jenerali Vasily Chuikov alikabidhiwa jeshi hilo tarehe 12 Septemba. Aliona kwamba nguvu kubwa ya Wajerumani ni ndege na vifaru kufanya kazi pamoja, akatafuta namna ya kuzitenganisha. Akaagiza askari wake wamkumbatie adui: wakae karibu naye kiasi kwamba rubani wa Kijerumani akidondosha bomu ahofie kuua wenzake. Vikosi vikubwa vikavunjwa kuwa vikundi vidogo vyenye rashasha, mabomu ya mkono na koleo zilizonolewa. Wakagombea ngazi, vyumba, mifereji ya maji machafu.

Jengo moja la ghorofa nne linatosha kuonyesha kazi ilivyokuwa. Mwishoni mwa Septemba kikundi cha Sajenti Yakov Pavlov kililitwaa, wenzao wakaja kuwaongezea nguvu. Walitega mabomu nje, wakatoboa kuta za ndani ili wapite chumba hadi chumba bila kuonekana, na wakapandisha bunduki ya kupigia vifaru juu ya jengo. Sababu ya kuipandisha ni rahisi. Kifaru kikishafika karibu hakiwezi kuinua mdomo wa mzinga wake kiasi cha kufikia paa, na bati lake la juu ndilo jembamba kuliko yote. Kwa hiyo aliye juu anampiga aliye chini, na aliye chini hana la kumjibu. Jengo hilo lilishikiliwa kwa siku 58 hivi. Ndani yake hawakuwa Warusi peke yao. Walikuwamo watu wa mataifa kadhaa ya Umoja wa Kisovieti, kama ilivyokuwa katika jeshi zima.

Sasa yule mdunguaji. Vasily Zaitsev alikuwa mtu wa kweli, mwindaji kutoka Ural, na rekodi za Sovieti zinampa adui 225 aliowaua kati ya Novemba na Desemba. Hadithi ya kuwindana kwake na bingwa wa udunguaji aliyeletwa maalumu kutoka Ujerumani ndiyo yenye mashaka. Hakuna kumbukumbu ya Kijerumani inayomtambua mtu huyo. Na ile picha ya askari wawili kupewa bunduki moja inatokana zaidi na sinema kuliko na mwaka 1942, maana viwanda vilivyohamishiwa mashariki mwaka uliotangulia vilikuwa vimeshaanza kumwaga silaha. Ukatili wa Stalin kwa askari wake mwenyewe, huo haukutungwa. Amri Namba 227 ya tarehe 28 Julai, "Hakuna kurudi nyuma hata hatua moja", iliunda vikosi vya adhabu, pamoja na vikosi vya kuwazuia wanaokimbia.

Kufikia katikati ya Novemba Wajerumani walishika karibu sehemu tisa kati ya kumi za mji. Barafu ilikuwa ikielea mtoni na kuzikwamisha mashua. Kwa macho ya kawaida, Chuikov alikuwa amebakiza siku za kuhesabika.

Ngumi ya chuma, kiwiko cha udongo

Chukua mfano wa mtu aliyeingiza mkono wake wote ndani ya pango, ngumi imekunjwa, anapiga ukuta wa ndani. Kadiri anavyopiga ndivyo anavyoingiza mkono zaidi. Ngumi hiyo ilikuwa Jeshi la 6 la Jenerali Friedrich Paulus, mojawapo ya majeshi bora ya Ujerumani. Swali ambalo mtu mwenye hasira hajiulizi ni hili: nani analinda kiwiko?

Kiwiko kililindwa na washirika. Kaskazini-magharibi, kando ya Mto Don, kulikuwa na Jeshi la 3 la Romania, na mbele zaidi Waitaliano na Wahungaria. Kusini kulikuwa na Jeshi la 4 la Romania. Ujerumani ilikuwa kama mtu mwenye shuka fupi usiku wa baridi. Ilivuta wanajeshi wake kuelekea mjini, miguu ikabaki nje.

Waromania wamebandikwa jina la waoga, na hilo naliona dhuluma. Walionya wiki kadhaa kabla kwamba Wasovieti wanajikusanya mbele yao, na kwamba maadui hao wameshika vipande vya ardhi kwenye ukingo wa kusini wa Don, ambako ilipasa wafurushwe. Waliomba msaada wa kuvisafisha, wakaambiwa nguvu zote ziko mjini. Mizinga yao mingi ya kupigia vifaru ilikuwa ya milimita 37, ikikokotwa na farasi, na makombora yake yaligonga kifaru cha Kisovieti cha T-34 na kudunda. Vifaru vya Kijerumani vilivyowekwa nyuma yao kama akiba vilikuwa vimefunikwa nyasi kavu vikisubiri, na vilipoamriwa kuondoka, vingi havikuwaka. Panya walikuwa wametafuna nyaya.

Upande wa pili, Majenerali Georgy Zhukov na Aleksandr Vasilevsky walikuwa wamepanga jambo hili tangu Septemba. Majeshi yalisogezwa usiku, redio zikanyamazishwa, amri zikatolewa kwa mdomo. Chuikov mjini alipewa vikosi kwa kijiko: vya kumzuia asianguke, visivyotosha kumfanya ashinde. Kwa maneno makavu, askari wa mjini walikuwa chambo, na wengi wao walikufa bila kujua hivyo.

Asubuhi ya tarehe 19 Novemba 1942, ndani ya ukungu, maelfu ya mizinga ilifyatua kaskazini. Kesho yake kusini nako kukapasuka. Operesheni hiyo, iliyoitwa Uranus, ilikuwa na askari zaidi ya milioni moja. Tarehe 22 kikosi kidogo cha vifaru vya Sovieti kililiendea daraja la Mto Don karibu na Kalach kikiwa kimewasha taa, kana kwamba hakina la kuficha. Walinzi wa Kijerumani wakadhani ni wenzao, na daraja likachukuliwa zima. Tarehe 23 makundi mawili yaliyotoka kaskazini na kusini yakakutana. Siku tano tangu mizinga ilipolia, mkono ulikuwa umekatwa kiwikoni, na zaidi ya watu 250,000 walikuwa ndani ya mzingo.

Hapo hakuna hata mtaa mmoja wa Stalingrad uliokuwa umebadili mikono.

Hesabu ya mkate

Swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini Paulus hakutoka mara moja? Hitler alimkataza, na Paulus alikuwa mtu wa kutii. Majenerali wake kadhaa walitaka kuvunja mzingo siku zile za kwanza. Kwa maoni yangu wangetoka kwa hasara kubwa, tena bila silaha nzito, ila wangetoka wengi. Kilichoua wazo hilo ni ahadi ya Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, kwamba jeshi zima litalishwa kwa ndege. Ahadi ilikuwa na mfano wa kuegemea: mapema mwaka huohuo, watu kama 100,000 waliozingirwa huko Demyansk walikuwa wamelishwa kwa ndege hadi wakaokolewa.

Tupige hesabu ambayo Göring hakuipiga. Jeshi liliomba tani 500 kwa siku. Gawanya kwa watu 250,000 na kila mmoja anapata kilo mbili, na ndani ya kilo hizo mbili kuna mkate, risasi, makombora, petroli, dawa na bendeji. Ndege ya Junkers 52 ilibeba kama tani mbili. Kwa hiyo zinahitajika safari 250 kila siku, katika siku fupi za Desemba, kupitia ukungu, barafu na mizinga ya Wasovieti. Kilichofika kwa wastani kilizidi kidogo tu tani 100. Yaani kama gramu 400 kwa mtu kwa kila kitu, na gramu 400 hizo anagawana na kifaru chake na bunduki yake. Mgao wa mkate uliteremka hadi gramu 200 kwa siku, kisha 100. Farasi wengi wa jeshi walikuwa wamepelekwa nyuma kabla ya mzingo kufungwa, kwa hiyo nyama nayo ikawa haba na mizinga ikakosa wa kuikokota.

Desemba askari walianza kuanguka na kufa bila jeraha wala ugonjwa unaojulikana. Daktari wa uchunguzi wa maiti aliletwa kwa ndege kutafuta sababu. Ilibidi maiti zilizoganda ziyeyushwe kwanza ndipo zipasuliwe. Alipofungua, mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa yameisha; walikuwa wamekufa njaa.

Kwa hiyo theluji tuiweke mahali pake. Baridi ilikuwa ya kutisha, lakini askari wa Sovieti aliyekuwa hatua mia moja mbele alilala katika baridi ileile. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na viatu vya sufu na supu. Baridi ilikuja kuwamaliza watu ambao njaa ilikuwa imeshawaandaa, na njaa ililetwa na mzingo uliofungwa Novemba, kabla baridi haijafika ukali wake.

Jaribio la kuwaokoa lilikuwepo. Tarehe 12 Desemba kamanda wa Kijerumani Erich von Manstein alituma vifaru kutoka kusini-magharibi, vikafika umbali wa kilomita 50 hivi kutoka kwenye mzingo. Wasovieti hawakuvikimbilia tu kuvizuia. Walimpiga jirani yake, jeshi la Italia kwenye Don, ikawa mwokoaji mwenyewe yuko hatarini kuzingirwa. Tarehe 24 Desemba vifaru vya Sovieti viliingia kwenye uwanja wa ndege wa Tatsinskaya, ulioanzia safari nyingi za kulisha mzingo, na kuteketeza ndege zilizoshindwa kuruka kwa wakati. Tangu hapo kila wiki ilikuwa ya kupunguziwa. Tarehe 16 Januari uwanja wa Pitomnik ulianguka, baadaye wa Gumrak, na mikate ikawa inadondoshwa kwa miavuli ndani ya theluji.

Tarehe 30 Januari 1943 Hitler alimpandisha Paulus cheo kuwa Fildi Mashali, akitarajia ajiue badala ya kutekwa. Kesho yake Paulus alitoka mzima kwenye chumba cha chini cha duka kubwa la mjini, akawa mateka. Kundi la mwisho lilisalimu amri tarehe 2 Februari. Mateka walikuwa kama 91,000, wengi wao wakiwa tayari nusu maiti. Waliorudi kwao ni kama 5,000 au 6,000, wa mwisho mwaka 1955. Wasovieti nao walipoteza watu zaidi ya milioni moja katika kampeni nzima, na kati yao karibu 480,000 walikufa au kupotea. Ushindi huo haukuwa wa bei rahisi kwa yeyote.

Je, ndiyo iliyogeuza vita?

Wapo wanaosema mkondo uligeuka Moscow, Desemba 1941. Wengine wanataja El Alamein, huko Misri, ambako Waingereza walishinda wiki chache kabla ya Uranus. Wengine Kursk, Julai 1943. Moscow iliinyima Ujerumani ushindi wa haraka. El Alamein ilikuwa muhimu sana, ila majeshi yaliyokabiliana pale yalikuwa madogo mno ukiyalinganisha na ya mashariki. Mimi naishikilia Stalingrad kwa sababu ya lile lengo la mwanzo, mafuta. Mzingo ulipofungwa, majeshi yote yaliyokuwa Caucasus yalikuwa hatarini kukatwa, na Januari 1943 yakaanza kukimbia. Kuanzia hapo Ujerumani haikuwa tena na njia ya kuifikia Baku, na bila mafuta hayo hakukuwa na mpango mwingine wa kuishinda Sovieti. Washirika nao walianza kutazama mlango: Italia ilijitoa Septemba 1943, Romania ikageuza bunduki Agosti 1944.

Hata hivyo mkondo haukuteremka moja kwa moja. Machi 1943 Manstein aliwapiga tena Wasovieti na kuutwaa upya mji wa Kharkov. Julai Wajerumani walijaribu shambulio lao kubwa la mwisho upande wa mashariki, huko Kursk, likakwama ndani ya siku chache.

Jeshi la 62 lilipewa jina jipya, Jeshi la 8 la Walinzi, likaelekea magharibi chini ya kamanda yuleyule. Tarehe 1 Mei 1945 mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani, Jenerali Hans Krebs, alivuka mstari wa mbele ndani ya Berlin kuja kuzungumza juu ya kusimamisha mapigano. Aliyempokea mezani alikuwa Chuikov.